Fremu Moja kwa Kila Nyumba

Alikuwa na jina lake kama watu wengine, lakini mji mzima ulimwita Mama Pasi. Mtoto hakuwa naye. Jina hilo alibandikwa na kinyozi wa jirani, siku ambayo wateja walikuwa haba na ulimi wake unawasha. "Wenzake wanalea watoto," kinyozi alisema, "yeye mwanawe ni ile pasi. Anambeba, anamlisha makaa, akitoa moshi anambembeleza." Watu wakacheka, jina likaganda. Yeye mwenyewe alicheka. Mnyonge hachagui jina. Anapewa, analivaa, na siku akitaka kulivua ataambiwa ana kiburi.

Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na fundi redio. Ndani mlikuwa na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe lenye alama za kuungua, kopo lililotobolewa matundu kwenye kifuniko kwa ajili ya kunyunyizia maji, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Asubuhi alinyoosha sare za wanafunzi na wauguzi, mchana mashati ya makarani, mwisho wa wiki suti za maharusi. Suti ngapi za maharusi zimepita mikononi mwake, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alizaliwa katika nyumba ya kona, wa pili na wa mwisho. Baba aliondoka duniani mapema, na mama akawalea kwa sindano. Alikuwa mdarizi: foronya, vitambaa vya meza, mashuka ya maharusi. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani mjini pale ukakaribishwa chumba cha wageni, ulikuwa umekaribishwa juu ya mshono wake. Kwa sindano ile ile mtoto wa kiume akasomeshwa, akaanza kuuza misumari, kisha saruji, kisha mabati, hadi watu wakaanza kumwita Bwana Mabati na kumwamkia kabla hajawaona. Binti alibaki nyumbani akishika uzi.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na mkono uliolisha nyumba ukalala juu ya shuka kama mkono wa mtu mwingine. Kaka mtu alikuwa ameshaoa na kuhamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye geti. Wakati ule kulikuwa na dereva wa lori aliyekuwa akimposa binti. Dereva alingoja. Akangoja tena. Mwishowe akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mama yako ana umri mrefu bado, Mungu amweke," na haikujulikana kama anaomba dua au analalamika. Hakurudi tena.

Kuuguza ni kazi isiyo na mshahara wala shahidi. Kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumwosha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kufua mashuka yanayochafuka kabla ya yale ya mwanzo kukauka: yote hayo hufanyika mlango ukiwa umefungwa, na mlango ukifunguliwa mgeni anakuta kitanda kisafi, anasema, "Alhamdulillahi, mgonjwa anapendeza." Bwana Mabati alikuja siku za mapumziko na mkewe na mfuko wa matunda. Alikaa kiti cha karibu na dirisha, kwa ajili ya hewa, akamuuliza dada yake, "Mama anaendeleaje?" Mama yuko pale pale, macho wazi, anasikia.

Miaka ikaenda hivyo mpaka mama akazikwa. Mazishini Bwana Mabati alilia sana, na lazima isemwe kwamba kilio kilikuwa cha kweli. Alimpenda mama yake. Alimpenda kutoka kitini.

Maktaba ya mji ilikuwa chumba kimoja kirefu karibu na stendi, kilichokuwa ghala kabla ya kuletewa vitabu. Kwa muda mrefu waliingia mle watu wa aina mbili: wanafunzi waliokimbia mvua na wazee waliokuja kusinzia juu ya magazeti ya mwezi uliopita. Ndipo akaletwa mkutubi mpya, binti aliyetoka chuoni na miwani yake na moto wake. Binti yule aliamini kwamba mji usiojisoma hauwezi kusoma kitu kingine. Akaanza kuwaita watu waje kusimulia maisha yao. Aliwarekodi kwa simu yake, akaandika, akamwomba seremala mbao za dari ya zamani, na ukuta mzima wa maktaba ukajaa fremu tupu zinazongoja. Kila fremu ilikuwa na nafasi ya ukurasa mmoja wa hadithi na kitu kimoja cha mikono ya nyumba ile: picha, mchoro, kitambaa, chochote.

Sheria zilikuwa mbili, na alizibandika mlangoni. Ya kwanza: fremu moja kwa kila nyumba, maana ukuta una mwisho. Ya pili: hadithi haitundikwi mpaka isomwe kwa sauti mbele ya watu siku ya Jumamosi, na yeyote wa nyumba ile akisema "hapana", haitundikwi. Haulizwi sababu. Fremu inabaki tupu mpaka wenye nyumba wapatane.

"Ukweli utalindwa na wenyewe," mkutubi alisema. Ilikuwa sheria nzuri, na aliyeitunga hakuwahi kuishi na kaka mkubwa.

Mwanzoni mambo yalinoga. Fundi baiskeli alileta mchoro wa kila baiskeli aliyowahi kuizika, kama alivyosema mwenyewe. Mkunga alisimulia jinsi alivyowapokea duniani nusu ya watu waliokuwa wakimsikiliza, akawanyooshea kidole, "Wewe ulitoka kwa miguu, ndiyo maana mpaka leo huna adabu." Jumamosi ikawa siku ya watu. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wengine wakasimama madirishani. Mvua ilipoanza kuvujia vitabu, Bwana Mabati alitoa mabati, paa likaezekwa upya, na jina lake likaandikwa kwenye kibao kidogo juu ya mlango.

Mama Pasi naye alikuwa akijiandaa kusimulia. Hakumwambia mtu. Akiwa ananyoosha kola ya shati, midomo yake ilikuwa ikitembea: alikuwa anatafuta namna ya kuanza. Aanze na mama akiwa msichana, au aanze na mkono uliolala?

Siku moja kinyozi akachungulia, wembe mkononi.

"Mama Pasi, hongera! Nasikia bi mkubwa anapanda ukutani."

"Bi mkubwa yupi?"

"Mama yako, nani mwingine? Kaka yako kapeleka hadithi jana. Na picha, na kitambaa cha kudarizi. Mke wangu alikuwepo, anasema kitambaa kile ukikitazama unataka kukipa mtama."

Pasi ilikuwa juu ya shati jeupe. Aliiinua kwa wakati, nusura iunguze.

"Kukipa mtama?"

"Si kina kuku!"

Alifunga kibanda saa ambayo hajawahi kukifunga. Maktabani mkutubi alimwamkia kwa heshima, akamvutia kiti.

"Shikamoo mama. Hadithi yenyewe siwezi kukusomea kabla ya Jumamosi, nisamehe. Lakini kitambaa unaweza kukiona."

Akakitandaza mezani. Kuku mmoja na vifaranga wake wanavuka nguo nyeupe, na kifaranga wa mwisho ana miguu ya kijani. Mkutubi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbele ya kitu kitakatifu, "Nimeona kazi nyingi za marehemu kwenye nyumba za watu. Hii inazizidi zote."

Mama Pasi aliweka kidole juu ya ile miguu. Uzi wa njano ulikuwa umewaishia siku walipokuwa wakiidarizi, na mama, kwa mdomo wa upande mmoja, akasema, "Tia kijani. Mtoto wa mwisho hukuta kilichobaki." Walicheka mpaka mama akapaliwa. Sindano ilikuwa mkononi mwa binti. Ilikuwa mkononi mwake kwa kuku mzima, kwa kila unyoya. Mama alishika duara la mbao la kukazia kitambaa kwa mkono wa kushoto, akaelekeza kwa macho. Kaka mtu alilifungua kasha la marehemu baada ya mazishi, akachagua kitambaa kizuri kuliko vyote, akakichukua kwa kumbukumbu. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini yeye aliona vyaelea, akachukua.

"Ni kizuri," Mama Pasi alisema. Angeanzaje kumpokonya mama yake kazi bora kuliko zote?

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa kaka yake. Alimkuta nyuma ya kaunta, kati ya makopo ya rangi na mizani ya misumari.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona saa hizi? Makaa yamekwisha?"

"Nimesikia umepeleka hadithi ya Mama."

Uso wa Bwana Mabati ukang'aa. "Nilitaka iwe mshangao kwako. Mama hawezi kukosekana kwenye ukuta ule, na mimi ndiye niliyeezeka paa."

"Nimo?"

"Umo nini?"

"Kwenye hadithi, kaka. Nimo?"

Aliguna, akapanga risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Sasa hadithi ni ya Mama. Siyo yako, siyo yangu. Tukianza kuingiza kila mtu, ukurasa mmoja utatosha?"

"Kila mtu? Nani aliyekuwa anamgeuza?"

"Na dawa zilikuwa zinatoka wapi? Zilikuwa zinaota uani?" Sauti ilipanda, wateja wawili wakageuka. Akaishusha, akaja upande wake wa kaunta, akamshika bega. "Mdogo wangu. Tusiwape watu cha kusema. Nitamwambia yule binti aongeze sentensi. Utakuwemo."

"Kweli?"

"Mimi nishakudanganya lini?"

Alirudi nyumbani na ile sentensi. Hakuyajua maneno yake, lakini aliitandika rohoni kama kitanda. Sentensi moja tu! Mtu aliyetoa ujana wake wote anaombwa aridhike na sentensi, naye anaridhika, anashukuru, anapika chai na kuimba. Ndivyo wanyonge walivyofundishwa kuhesabu haki zao.

Jumamosi alivaa gauni lake la bluu, alilolinyoosha mara mbili. Maktaba ilikuwa imejaa. Kaka mtu alikaa mbele na mkewe, na picha ya mama ilisimamishwa mezani, kitambaa pembeni yake. Mama Pasi alipata kiti cha nyuma, karibu na rafu ya vitabu vya hesabu. Kinyozi akamnong'oneza, "Leo usilie, utaniambukiza."

Mkutubi akasoma. Alisoma vizuri, na hadithi ilikuwa imeandikwa vizuri. Mjane mwenye sindano. Mtoto wa kiume anayesoma kwa mwanga wa taa huku mama akidarizi. Duka la kwanza. Kisha ugonjwa: "Maradhi yalipomlaza, mwanawe hakumwacha. Alikaa karibu naye, akamlisha, akamfariji, na kulikuwa na watu wa kusaidia kazi za ndani. Hata mkono mmoja ulipokufa, mama hakuiacha sindano. Kitambaa hiki alikimaliza kitandani, mwanawe akiwa pembeni yake."

Mama Pasi alingoja. Alidhani sentensi yake inakuja. Ukurasa ukaisha, watu wakaanza kupiga makofi, wengine wanapangusa macho, na hapo ndipo alipoelewa kwamba sentensi yake imeshapita. Alikuwa yeye, watu wa kusaidia kazi za ndani.

Mkutubi akainua mkono watu watulie. "Kama ilivyo kawaida yetu. Yupo wa nyumba hii mwenye la kusema?"

Swali lilikuwa la desturi tu. Wengine walishaanza kusimama. Mama Pasi alitazama ile picha. Akinyamaza, mama atapanda ukutani na uongo. Akisema, mama hatapanda kabisa. Fremu ya nyumba ya kona itabaki wazi kama jino lililong'oka, na kila apitaye atauliza ni nani aliyeling'oa. Kama kaka yake asingegeuka nyuma, huenda angenyamaza maisha yake yote. Lakini kaka aligeuka, akamtabasamia, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesema: si nilikuambia utakuwemo?

"Hapana," alisema Mama Pasi.

"Amesema nini?"

"Eti hapana!"

Mkewe Bwana Mabati akasimama. "Wifi, una nini? Mama yako mwenyewe?"

Sheria ilisema haulizwi sababu, lakini sheria haikuwa imeketi kwenye viti vile. Walimuuliza wote kwa pamoja. Mama Pasi akasimama, akashika rafu.

"Niliyemlisha ni mimi. Na kitambaa hicho nimekidarizi mimi. Mkono wa Mama ulikuwa haushiki hata kijiko."

Kisha Bwana Mabati akainuka taratibu, bila hasira, na hapo ndipo alipomshinda.

"Ndugu zangu, dada yangu ana uchungu. Sote tuna uchungu. Nani aliyemfundisha kudarizi? Si Mama? Mkono wake ni mkono wa Mama. Sasa mtoto akianza kudaiana na marehemu nani alishona kuku, tutafika wapi?"

Makofi. Mtu mmoja dirishani akasema, "Mwenye nguvu mpishe, lakini Bwana Mabati leo kasema haki." Mkunga, aliyewapokea ndugu wote wawili walipozaliwa, alitazama sakafu. Alijua. Wengi walijua; katika mji mdogo, nani asiyejua nani anauguza nani? Lakini paa la juu yao lilikuwa jipya, na mvua ilikuwa karibu.

Wifi mtu akamalizia, si kwa sauti ndogo: "Hakupata mtoto wa kumwonea wivu, sasa anamwonea mama yake kaburini."

Fremu ikabaki tupu. Na mji ukahesabu kosa lake namna hii: amemfuta mama yake. Wateja hawakumsusia kwa matangazo. Walipungua tu, mmoja mmoja, kama nywele. Kinyozi alijaribu kutania, "Mama Pasi, hata mimi nikisema hapana ukutani, mke wangu atanipa talaka," lakini mzaha ulianguka chini, akaurudia wembe wake.

Mkutubi alikuja nyumbani kwake na simu ya kurekodi. Alikaa kwenye kitanda kile kile cha marehemu, akasikiliza mchana mzima, akalia. Aliandika ukurasa mpya wenye wote: mama, mwana na binti. Akaupeleka kwa Bwana Mabati kabla ya Jumamosi, kwa adabu, ili wapatane.

"Na mimi nasema hapana," Bwana Mabati alimjibu. "Si ndiyo sheria yako, binti?"

Basi pande zote mbili zikawa zimekataa, na kwa sheria ukuta ulipaswa kungoja. Ungengoja, kama wakubwa wa halmashauri wasingeandika kwamba wanakuja na wageni kuuzindua. Mkubwa mmoja alitangulia kukagua. Akasimama mbele ya fremu tupu, akauliza, "Hii nini?" Alipoelezwa, akacheka. "Mgeni rasmi aje kutazama ugomvi wa ndugu? Mfadhili wa paa ndiye huyo huyo mwenye fremu tupu? Itundikwe."

Mkutubi alikwenda mwenyewe kibandani kumwambia. Alisimama nje, jua likimchoma, miwani imelowa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wametundika."

Mama Pasi hakuuliza nini. "Wao wametundika, au wewe?"

"Mama, ningekataa wangenihamisha. Wangeleta mtu asiyejali kabisa, na ukuta wote ungekufa. Hadithi za watu wote wengine. Nilifikiria wengi."

"Ulifikiria wengi," Mama Pasi alisema. Alinyunyiza maji kwenye suruali, akaibana kwa pasi, mvuke ukapanda kati yao. "Kila mtu aliyenipita alikuwa anafikiria wengi, mwanangu. Sheria uliiandika wewe. Mimi sikukuomba. Uliniambia nina neno moja ambalo hakuna atakayeniuliza sababu. Nililitumia. Limenila peke yangu, na sasa unaniambia halikuwepo."

"Nitafanya nini sasa, mama?"

"Kaka yangu angekwambia: kaa karibu na dirisha, upate hewa."

Binti aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalouma: dhuluma ya mji ule haikuhitaji watu wabaya. Ilihitaji kaka anayempenda mama yake, mkutubi anayeupenda ukuta wake, na majirani wanaopenda kutolowa.

Siku ya uzinduzi Mama Pasi hakwenda. Alikwenda kesho yake mchana. Kinyozi alipomwona anapita bila mzigo alimfuata kwa macho, na habari ikamtangulia, kwa hiyo alipofika maktabani wale wachache waliokuwamo walishaacha kusoma. Walidhani atavunja kioo. Pengine walitamani avunje; ingekuwa hadithi, na wangekuwa na haki.

Alisimama mbele ya fremu. Picha ya mama, ukurasa wa kaka, na kitambaa chake chini ya kioo, kimetandazwa vibaya, na mkunjo umepita katikati ya kuku. Hakuna aliyekinyoosha. Mikono yake ilisogea yenyewe, kisha akaikumbuka, akaifungia ndani ya kanga.

Pembeni yake alikuwepo mwanamke mgeni, mmoja wa waliokuja na msafara wa jana akabaki kwa jamaa zake. Alikuwa anasoma huku akitikisa kichwa kwa kusikitika na kusifu.

"Kuna watu wana bahati jamani," mgeni alisema bila kumtazama. "Watoto wa kiume wa siku hizi wanauguza mama zao hivi? Mimi nina wanne, hata mmoja simtegemei. Wewe unaifahamu familia hii?"

Chumba kizima kilikuwa kinasubiri. Mama Pasi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe maneno yote yalikuwepo, yamepangana, tayari: kijiko, mashuka, dereva mlangoni, uzi ulioisha. Akageuka kuwatazama waliokuwa wanasubiri. Mkunga alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amefungua gazeti, amelishika mbele ya uso.

"Nasikia mama huyo alizaa mtoto mmoja tu," Mama Pasi alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa," mgeni alikubali, akasogea kwenye fremu ya fundi baiskeli.